Klavye kubwa isiyo na waya kwa dola 25 hapa Lubumbashi: tazama mpangilio kabla ya kampuni

Mdogo wangu, nimesoma swali lako: vitufe kadhaa vya laptopu vimekufa, unaandika TFC (kazi ya kumaliza masomo) na unashika hesabu za duka la mama kwenye Excel, na unatafuta klavye (kibodi) kubwa yenye namba pembeni, isiyo na waya, kwa dola 25. Wenzangu waliokujibu kabla yangu wamekutajia kampuni. Mimi nina sekretariati ndogo hapahapa Lubumbashi, komini ya Kenya, tunachapa kutwa nzima: memwari, fakitire (ankara), barua za kuomba kazi. Kwa mtu wa Lubumbashi, swali la kampuni naliweka la pili. La kwanza ni hili: unataka AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa) au QWERTY (wa Kiingereza)?

Mzigo unaopanda kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ukitoka Zambia au Afrika Kusini, huwa ni QWERTY, maana huko watu wanaandika Kiingereza. AZERTY unaipata, ila itakubidi uitafute, na muuzaji akishajua unaitafuta bei inapanda. Kama hana, atakwambia "papa, ni ileile, unabadilisha tu kwenye Windows." Hadanganyi, lakini hajamaliza. Klavye yenyewe haijui herufi. Inatuma namba ya kitufe, na Windows ndiyo inayoamua itoke A au Q. Kwa hiyo unaweza kununua QWERTY, ukaacha Windows kwenye Kifaransa, ukaandika kama kawaida, mradi vidole vyako havihitaji macho. Kama bado unatazama kila herufi, utateseka: A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M inatoka chini inaenda kukaa kando ya L. Stika za herufi zipo, za bei ndogo, lakini kwa anayechapa sana zinaanza kuchubuka kwenye E na A kabla ya kwingine.

Sasa tazama kitufe cha Enter, hapo ndipo watu wengi wanapita bila kuangalia. Kikiwa kirefu, kimesimama kwenye mistari miwili, hiyo ni klavye ya vitufe 105, ya mtindo wa Ulaya. Kikiwa kimelala kwenye mstari mmoja, ni ya vitufe 104, ya Kimarekani. Kitufe kimoja kilichopungua ni kile cha kati ya Shift ya kushoto na W, na kwenye mpangilio wa Kifaransa ndipo zinapokaa alama < na >. Wewe wa Excel utazihitaji kila siku. Jaribu kuandika =SI(C4>0;"deni";"sawa") kwenye klavye isiyo na kitufe hicho uone utakavyozunguka. QWERTY ya Uingereza ina Enter ndefu na kitufe hicho kipo, kwa hiyo ukikosa AZERTY kabisa, chukua ya Uingereza uiache ya Marekani.

Tena uangalie laptopu yako ilitoka wapi. Za okaziyo (zilizokwisha tumika) nyingi hapa zimetoka Ubelgiji, na AZERTY ya Ubelgiji si ya Ufaransa. Herufi ni zilezile, alama ndizo zinahama: @ ya Ufaransa iko kwa AltGr (kitufe cha kulia kwa Space) na kitufe cha à, ya Ubelgiji iko kwa AltGr na é. Ukichomeka klavye ya Ufaransa na Windows bado iko "Belgique", alama zitatoka ovyo na utadhani klavye ni mbovu. Ongeza "France" kwenye lugha za Windows, kisha unabadilisha kwa kitufe cha Windows pamoja na Space.

Kuhusu namba pembeni, uko sahihi kabisa, usikubali kushawishiwa. Kwenye AZERTY namba za juu hazitoki bila Shift. Anayetumia QWERTY anaweza kuishi bila namba za pembeni. Sisi tunaojaza fakitire hatuwezi. Kwa hiyo zile ndogo nzuri za mezani, kama Logitech K380, ziache. K400 nayo ni ndefu, lakini mahali pa namba wameweka kipande cha kuendeshea kishale. Ni ya kutazamia filamu ukiwa kwenye kiti.

Isiyo na waya ziko za aina mbili: ya kidude kidogo cha USB, na ya Bluetooth. Kwa bajeti yako chukua ya kidude. Unachomeka, inaandika, na hata ukiingia BIOS (ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijawaka) inafanya kazi, ambapo ya Bluetooth kwa kawaida inakaa kimya. Bluetooth ina maana kama unataka kuandika kwenye simu pia. Ubaya wa kidude ni kupotea. Kwenye klavye nyingi za bei ya chini kidude kimeoana na klavye yake tu. Kikipotea, klavye ni plastiki ya kufutia vumbi. Kwenye Logitech za Unifying (kidude kina alama ndogo ya rangi ya machungwa) unaweza kununua kingine ukakiunganisha. K270 ni mojawapo: kubwa, ina namba, inatumia betri mbili za AAA, na kampuni inasema zinafika miezi 24. Ukiipata kwa hela yako, umemaliza. Seti ya MK270 inakuja na kipanya, lakini kidude chake si cha Unifying, kwa hiyo kitunze.

Zisizo na jina si zote mbaya. Ila mwaka 2016 kampuni ya Bastille ya Marekani ilionyesha kwamba klavye kadhaa za bei ndogo zilikuwa zinarusha herufi hewani bila kuzificha, mtu mwenye kifaa chake akazinasa kutoka mbali. Kama unaandika neno la siri la benki, litafakari.

Dukani usikubali kuoneshwa boksi. Nenda na laptopu, fungua Notepad, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja. Space ibonyeze kwenye ncha zake zote mbili, si katikati, maana za ovyo zinakwama ukizigusa pembeni. Geuza, tazama kama vimiguu vya nyuma vinasimama. Ikianza kurukaruka herufi wakati flashi au diski ya nje imechomekwa karibu, usiilaumu bado: Intel wenyewe waliandika mwaka 2012 kwamba USB 3.0 inatoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya vidude hivi. Hamisha kidude upande wa pili wa laptopu.

Betri: mimi napenda za kubadilisha kuliko ya ndani ya kuchaji. Umeme ukikatika siku ya kutoa kazi, betri za AAA unazipata hadi kwenye kibanda cha krediti. Nunua zile za alikalini. Zile za bei ya chini kabisa zinavuja na kula vyuma.

Na kama klavye itakaa mezani muda wote, ya waya itakubakizia hela ya kula. Nasema tu, najua hukuuliza hivyo.

Kuna kitu hukukieleza. Vitufe vyako vimekufa, yaani havitoi kitu, au kuna kimoja kinachojibonyeza chenyewe? Kama ni hicho cha pili, klavye mpya haitakusaidia, laptopu itaendelea kuandika "rrrrrr" juu ya kazi yako. Unaweza kuizima klavye ya ndani kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), ila mara nyingine inarudi ukiwasha upya, na dawa yenyewe ni kuchomoa utepe wake ndani. Fundi anayeijua kazi haimchukui muda. Andika hapa ni ipi kati ya hizo mbili, na laptopu ni ya mfano gani, kabla hujatoa hela.