Uyoga kwenye mabaki ya mkonge: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu uyoga, hasa ule unaooteshwa kwenye masalia ya mazao, na nimeanza na lile linalogusa mkoa wa Tanga kwa sababu ndilo lenye mengi ya kueleza.

Msomaji wa Korogwe: Nasikia watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotesha uyoga kwenye mabaki ya mkonge. Kwa nini mkonge, wakati mabua ya mahindi yamejaa kila mahali?

Mabua yana wenyewe: ng'ombe huyala, udongo huyahitaji, na kiangazi kikikolea huwa yamekwisha. Mabaki ya mkonge hayagombewi. Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua mkonge, singa (nyuzi ndefu) inayopatikana ni kati ya asilimia 2 na 5 tu ya uzito wa jani zima. Yote yanayobaki, yaani maganda, nyama ya jani na nyuzi fupi, husombwa na maji na kwenda kurundikwa, na aliyepita karibu na rundo hilo baada ya mvua anaijua harufu yake na rangi ya maji yanayochuruzika kuelekea mtoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uyoga wa porini wa Tanzania wa aina tatu, *Coprinus cinereus*, *Pleurotus flabellatus* na *Volvariella volvacea*, ulioteshwa kwenye mabaki hayo baada ya kuozeshwa kwanza, na aina zote tatu zikazaa.

Kwangu mimi, uzito wa kazi hiyo uko katika kuanza na uyoga wa hapa hapa. *Volvariella* hustawi kwenye joto la nyuzi 30 hadi 35, ambalo mkulima wa Muheza au Kilifi analipata bure, ilhali uyoga mweupe tunaouona kwenye makopo madukani huhitaji ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18 wakati wa kuzaa, na katika ukanda wa pwani ubaridi huo hununuliwa kwa umeme.

Msomaji wa Morogoro: Mwuza mbegu ameniambia mbegu zake zina ufanisi wa asilimia 60. Je, kilo 10 za malighafi zitanipa kilo 6 za uyoga?

Hapana, na wengi huumia kwenye hesabu hii. Watafiti hupima ufanisi kwa kugawanya uzito wa uyoga mbichi kwa uzito wa malighafi *kavu*. Chukua kilo 1 ya mabua makavu, uyaloweke mpaka yashike unyevu wa kutosha: mfuko wako sasa una uzito unaokaribia kilo 3. Ukivuna gramu 600 za uyoga mbichi katika mikupuo yote, yaani mizao yote ya mfuko mmoja, ufanisi ni asilimia 60. Lakini ukipima kwa mfuko ulioloa ulio mbele yako, umepata asilimia 20 tu. Kumbuka pia kwamba uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo gramu hizo 600 zikianikwa zitabaki kama gramu 60.

Kuhusu huo unyevu, kamata konzi ya malighafi uikamue kwa nguvu. Yakidondoka matone mawili matatu kati ya vidole, inatosha. Maji yakitiririka, ichuje zaidi, kwa sababu utando wa uyoga, yaani nyuzi nyeupe zinazoenea ndani ya malighafi, nao hukosa hewa ukazama.

Msomaji wa Moshi: Ninachemsha mapipa ya malighafi kwa kuni. Huu bado ni ukulima unaotunza mazingira?

Nakushukuru kwa kuuliza, kwa maana swali hili hukwepwa sana. Mtu anayekata miti ili apate kuchemsha mabua yaliyokuwa yatupwe ameokoa kidogo na kupoteza kikubwa. Kwa uyoga aina ya mamama (*Pleurotus*) ipo njia isiyotumia moto: loweka malighafi kwa saa 12 hadi 24 katika maji yaliyochanganywa chokaa iliyozimwa, ile ya unga wanayoitumia waashi, kisha uichuje bila kuisuuza. Chokaa hiyo huyafanya maji yawe makali kiasi cha kuvizuia vijidudu vingi, wakati utando wa mamama huvumilia. Chokaa ya kilimo haifanyi kazi hiyo hata ukiimwaga gunia zima, kwa kuwa ni jiwe lililosagwa tu. Vaa glovu, na maji hayo usiyamwage kwenye mfereji.

Msomaji wa Iringa: Mifuko yangu imeota ukungu wa kijani. Niukwangue niendelee?

Usiukwangue, maana vumbi lake ni mbegu zake na utaupeleka kwenye mifuko mizima. Mifuko yenye ukungu itoe bandani ikiwa imefungwa, uifukie mbali.

Msomaji wa Kilifi: Mikupuo ikiisha, mfuko una kazi gani tena?

Unayo kubwa, mradi plastiki yake itolewe kwanza. Masalia yaliyokwisha kuliwa na uyoga yamelainika, lakini ukiyafukia moja kwa moja kwenye shamba lenye miche, hasa kama yalikuwa maranda ya mbao, vijidudu vinavyoyaozesha vitainyang'anya miche naitrojeni, na utaiona ikigeuka njano. Yachanganye na samadi, uyafunike, uyageuze mara kwa mara kwa miezi miwili au mitatu. Kwenye mashamba makubwa ya mkonge ipo nafasi nyingine: pale Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge, na kwa kuwa uyoga huvunjavunja sehemu ngumu za mmea, kupitisha mabaki kwenye uyoga kabla ya kuyapeleka kwenye gesi ni wazo ambalo ningependa kuona wenye mashamba wakiligharimia.

Msomaji wa Tabora: Kwa nini hakuna anayeuza mbegu za uyoga wa kichuguu, ambao ni mtamu kuliko wote?

Kwa sababu mkulima wake ni mchwa. Mchwa hutafuna majani na miti, hujenga kwa hayo vitalu chini ya ardhi, na utando wa uyoga huo huishi humo ukitunzwa nao, hadi mvua zinapoanza ndipo unapochomoza. Ukitenganishwa na mchwa hauzai. Anayeupenda asivimwagie dawa vichuguu vilivyo pembeni mwa shamba lake.