Niliacha kazi Dar nikaenda zahanati ya kanisa ziwani: jibu kwa aliyeuliza kuhusu wito

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje kama huu ni wito kweli au umechoka tu na kazi ya benki, na umesema wazazi wamekataa katakata usiende kufundisha shule ya misheni kijijini. Nimesoma majibu ya waliotangulia. Wengi wamekuambia uombe, ufunge, kisha uende. Sipingi. Ila mimi nami niliomba, nikafunga, nikaenda, na kuna watu walioumia kwa namna nilivyoondoka. Ngoja nikusimulie.

Mimi ni muuguzi mkunga. Hadi 2016 nilikuwa hospitali binafsi Dar, mshahara milioni moja na laki mbili, nimepanga Tabata, maji yanatoka, umeme upo. Siku moja padre mgeni akatuambia kanisani kwamba zahanati yao, mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Karema, imekaa miezi minane bila mkunga. Usiku ule usingizi haukuja. Ilipofika miezi miwili maneno yale bado hayajanitoka, nikaandika barua ya kuacha kazi. Mshahara mpya ulikuwa laki nne na nusu, na chumba nyuma ya zahanati.

Nilipanda treni ya Mpanda. Mama anaishi Morogoro, akaja stesheni usiku kuniona behewa likiwa limesimama. Alileta kapu: kuku wa kukaanga, mihogo, na kanga mpya. Nilijua atalia. Hakulia. Alinipitishia kapu dirishani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na dawa zangu za presha sasa atanunua nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepanga kila kitu: mashuka, chandarua, Biblia, hata mbegu za mchicha. Dawa za mama sikuwa nimezifikiria.

Na mkopo wa SACCOS ulikuwa haujaisha. Nilijiambia Mungu atafungua njia. Waliolipa ni wadhamini wangu wawili, wauguzi wenzangu, waliokatwa mishahara miezi minne mfululizo. Mmoja wao mtoto wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza mwaka ule. Alinipigia simu mara moja tu, wala hakugomba. Alisema, "Dada, ungeniambia tu." Nimezirudisha zile hela zote, ilinichukua karibu miaka miwili, lakini sentensi ile bado naisikia hadi leo.

Luka 14:28, mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Nilikuwa nimeusoma mstari ule tangu ujana, nikidhani gharama inayosemwa ni yangu: starehe zangu, mshahara wangu, feni yangu. Kumbe vile vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vyote. Ukikaa wiki mbili bila feni unazoea. Gharama nzito nilikuwa nimewatwika watu ambao hawakuitwa na mtu yeyote kwenda Karema.

Kwa hiyo wazazi wako wakikataa, usikimbilie kusema wanampinga Mungu. Waulize wanaogopa nini, tena uwasikilize mpaka mwisho. Inawezekana wana dawa zao za presha ambazo hawajazitaja.

Sasa kuhusu kujua kama ni wito. Mwezi wa tatu tangu nifike, usiku wa mvua, waliniletea kwa mtumbwi mama aliyejifungulia njiani, uzao wa sita. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka lakini damu haikatiki. Nikamchoma oksitosini uniti 10 pajani, nikaanza kulisugua tumbo la uzazi, mama mkwe wake, bibi mmoja, ameshika tochi ya simu. Mkono wake ulitetemeka mwanzo, baadaye ukatulia. Sijui nilisugua muda gani. Nakumbuka tu nilipolisikia tumbo likijikaza chini ya kiganja, gumu kama mpira, na kanga mpya niliyomwekea ikabaki na doa dogo. Ilikuwa ile kanga ya mama.

Asubuhi yule bibi akanishika mkono, akauliza, "Nesi, na wewe utaondoka lini?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anapanga mambo yake, maana ana wakwe wengine. "Aliyekutangulia alikaa mpaka mvua ya pili."

Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe niliomwandikia matroni wangu wa Dar, naomba kurudi. Ulisubiri mtandao tu. Nikaufuta.

Ndipo nilipoelewa kwamba kuondoka Dar ilikuwa kazi ya siku moja, na watu walinisifia kwa siku hiyo moja. Kijijini hakuna aliyejua nimeacha nini, wala hakikuwasaidia kitu. Walihitaji mkunga atakayekuwepo mvua ya tatu.

Karema bado wanamkumbuka Adrian Atiman. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa, akakombolewa na wamisionari wale tunaowaita White Fathers, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 akiwa daktari na katekista, akafia hukohuko mwaka 1956. Huyu hakuwa na starehe ya kuacha. Nyumba, wazazi, nchi, vyote alinyang'anywa akiwa mdogo. Ukipima wito kwa kile mtu alichoacha, yeye utamweka wapi? Mimi namtazama kwa miaka zaidi ya 60 aliyokaa akitibu watu wa mwambao uleule.

Mama alikuja kunitembelea 2019. Dawa zake sasa tunagawana na kaka yangu, kila mmoja na mwezi wake, tunatuma kwa simu. Alikaa wiki tatu, akawa anaanika dagaa na akina mama wa jumuiya, na yule bibi wa tochi alimletea migebuka kila Jumamosi. Hakuniambia kama nilifanya vyema. Alisema maji ya hapa yana ladha nzuri.

Ushauri wangu: usiandike barua ya kuacha kazi bado. Una likizo yako ya siku 28, nenda ukakae pale shuleni siku zote hizo, muhula ukiwa umefungua, ufundishe, usahihishe madaftari, uugue tumbo kama wengine. Muulize mkuu wa shule walimu waliopita walikaa muda gani na kwa nini waliondoka. Ukirudi, keti na wazazi tena.

Na hilo la kwanza kabisa nijibu hapahapa, au kwa ujumbe wa siri ukipenda: una mkopo? Umebaki miezi mingapi, na wadhamini wako ni akina nani?