Kichupa cha kontrasti kikitoka friji, usikimbilie kukitikisa

Mkuu, umeuliza kwa nini kontrasti ileile (dawa ya viputo vidogo vya gesi inayochomwa mshipani ili moyo uonekane vizuri kwenye eko), kwa mashine ileile, leo chemba ya moyo inajaa mwanga na kesho inabaki giza, na kama joto linahusika. Linahusika sana. Nafanya eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hapa Uingereza mwaka wa 9 sasa, na somo hili nililipata mgonjwa akiwa kitandani.

Alikuwa mzee aliyetoka kupata shambulio la moyo. Daktari alitaka kujua kama kuna damu iliyoganda kwenye ncha ya ventrikali ya kushoto, chemba inayosukuma damu kwenda mwilini. Tulitumia Luminity (Marekani inaitwa Definity), inayokaa kwenye friji kwa nyuzi 2 hadi 8. Tulikuwa tumechelewa, nikatoa kichupa na kukipachika papo hapo kwenye kimashine kinachokitikisa kwa sekunde 45. Kawaida hutoka cheupe kama maziwa. Kile kilitoka na weupe mwepesi, kama maji yaliyooshewa mchele, kioo chake bado kina umande. Nikachoma hivyo hivyo. Mwanga hafifu ulizunguka kidogo, na ile ncha tuliyoitafuta ikabaki nyeusi. Ikabidi tufungue kichupa cha pili, tukiache kwanza kiishe baridi yake, na mzee wa watu asubiri. Maelekezo ya dawa yanasema wazi kiachwe kifikie joto la chumba kabla ya kutikiswa. Nilikuwa nimeyasoma, ila sikujua sababu yake.

Sababu ni kwamba viputo havitoki kiwandani vikiwa tayari. Ndani ya kichupa kuna maji yenye fosfolipidi, yaani mafuta, na juu yake gesi nzito ya oktafluoropropani. Ukitikisa, gesi inakatikakatika na yale mafuta yanaizunguka kuwa ganda. Sasa fikiria mafuta ya nazi: kwetu Tanga yanamiminika chupani, huku Uingereza majira ya baridi nayachota kwa ncha ya kisu. Mafuta haya ya kontrasti si ya nazi, lakini tabia ni hiyo: yakipoa yanakakamaa, na yakikakamaa hayawahi kuifunika gesi.

SonoVue, kontrasti ya aina nyingine, ni habari tofauti. Ile ni unga, haihitaji friji, unachanganya na mililita 5 za salaini (maji ya chumvi ya hospitali) na kutikisa kwa nguvu sekunde 20.

Joto la pili ni la mwili wenyewe, na hili wengi hawalifikirii. Kiputo kikitoka kwenye sirinji ya nyuzi 20 na kuingia kwenye damu ya nyuzi 37, gesi yake inatanuka, ujazo unaongezeka kama asilimia 6. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Ganda nalo linalainika, kiputo kinacheza zaidi kikipigwa na mawimbi, kwa hiyo kinarudisha mwangwi mkubwa zaidi. Lakini ganda laini linavujisha gesi upesi, na kiputo kinakufa mapema. Ndiyo maana wewe uliyesema mmejaribu kontrasti kwenye beseni la maji ya bomba na "ikadumu vizuri", jaribio hilo msilitegemee. Rudieni kwa maji yaliyopashwa hadi nyuzi 37 na kushikiliwa hapo, mtaona tofauti kwa macho.

Tafadhali usijaribu kufupisha kazi kwa kuweka kichupa kwenye maji ya moto au juu ya hita. Mimi siku hizi nakitoa friji kabla sijamwita mgonjwa, nakiacha kwenye trei, na sikigusi mpaka nikikishika kiganjani nisihisi ubaridi. Kikishatikiswa, zikipita dakika 5 kabla hujavuta dawa, kitikise tena kwa mkono sekunde 10, maana viputo huelea juu.

Hata hivyo joto si mshitakiwa pekee. Sindano nyembamba na kusukuma dawa kwa nguvu vinapasua viputo kabla havijafika moyoni, na nguvu ya mawimbi ikiachwa juu kama ya picha ya kawaida, unaviua mwenyewe kwa proba, kile kifaa cha eko kinachowekwa kifuani. Basi tuwekee hapa mnatumia kontrasti ipi, kanula (mrija mdogo wa mshipani) ya saizi gani, na ile siku ya giza kichupa kilikuwa cheupe kiasi gani.