Kabla hujasimama na slaidi zako, kaulizwe kwanza na shangazi

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma mambo ya picha za hospitali kanitumia meseji, wiki ijayo anaprezenti na tumbo linamkata toka sasa, eti broo wewe uliwezaje. Nikacheka peke yangu kwenye daladala. Hajui mara ya kwanza niliaibika vipi.

Mada yangu ilikuwa kufungua kizuizi cha damu na ubongo (kuta za mishipa zinazozuia dawa nyingi kuingia ubongoni) kwa altrasaundi, yaani mawimbi ya sauti, kwenye nyani. Hapo kwenye jina tu nishakosea, waliotumika ni makaki, jamii ya kima, ila hilo hakuna aliyelishika. Walishika neno "inatoboa". Nilisema mawimbi yanatoboa kizuizi, dawa inapita. Daktari mmoja mkubwa, simtaji, akavua miwani: "Kama inatoboa, mbona hao wanyama hawavuji damu?" Nikabofya slaidi ya mbele, nikarudisha ya nyuma. Akasema kijana kaa. Watu wakacheka, na mpaka leo nikikutana naye koridoni najifanya natafuta kitu mfukoni.

Jamani, usitumie neno usiloweza kulielezea. Narudia, neno huliwezi, liache nyumbani.

Jumamosi yake nikaenda soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa shangazi anayeuza dagaa. Yeye anapepeta, mimi naongea. Nikamwambia mishipa ya ubongo imeshonwa kama wavu wa dagaa, maji yanapita ila dawa nyingi zinanasa. Sasa unadungwa vipovu vya gesi, vidogo kama chembe za damu, halafu mawimbi yanaelekezwa sehemu moja tu, vipovu vikifika pale vinavimba vinasinyaa vinavimba vinasinyaa, mishono inalegea, dawa inaingia, baada ya masaa inajikaza yenyewe. Hakuna kutoboa. Ukizidisha nguvu ndo vipovu vinapasuka na damu inavuja kweli (kwa hiyo swali la yule mzee lilikuwa zuri, ila angeuliza taratibu).

Shangazi akauliza, kima wa nini? Hapo ndo nikagundua sijasoma. Watafiti wa Boston mwaka 2001 walifanya kwa sungura, na fuvu ilibidi wakate kipande kwanza. Makaki fuvu linabaki zima, na mfupa mnene unapinda mawimbi na kuyameza, sasa wewe binadamu utakatwa fuvu kila ukitaka dawa? Halafu makaki anafundishika. Utafiti wa 2012 walifungua sehemu za ubongo zinazohusika na kuona, tena mara kadhaa kwa mnyama yuleyule, kisha wakawapima macho kwa mazoezi waliyofundishwa, wakakuta wanaona vizuri tu.

Vijana mnapenda slaidi za rangi, mambo yenyewe hamyasomi. Soma. Kisha kaulizwe.

Nishaaga, nishasimama, shangazi ananiita: "We baba, na hivyo vipovu vinaenda wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku nikatafuta: ile gesi inafika kwenye mapafu, unaipumua nje ndani ya dakika chache.

Mara ya pili nilipoprezenti, yule yule wa miwani kanyoosha mkono. Vipovu vinaenda wapi.