Miche ya mbambakofi kunyauka baada ya kupandwa

Kama kitaluni ilistawi na msituni imenyauka ndani ya wiki mbili, tazameni chini ya viriba (mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche). Mbambakofi (wengine huuita mkongo) hushusha mzizi mkuu haraka sana. Ukishatoboa kiriba na kuzama ardhini, siku ya kuhamisha unakatika, na mche unabaki na majani mengi bila mzizi wa kuyanywesha. Tumieni viriba virefu, sentimita 25 hivi, vipangwe juu ya karatasi ngumu ya nailoni. Kila wiki mbili viinueni, mkate kwa wembe mizizi iliyochungulia, mmwagilie papo hapo. Mwezi wa mwisho punguzeni kivuli na maji kidogo kidogo. Na jamani, kiriba kichanwe kabla ya kufukia! Mzizi uliojiviringisha humo haunyooki tena.