Constellation ya mbao: mwili unaotoka kama bomba, mabawa yasiyolingana

Ukichonga mfano wa mbao wa Lockheed Super Constellation, ndege ya abiria ya zamani, mwili kutoka kama bomba ni kosa la mpangilio wa kukata tu. Ndege hii imepinda mgongoni na tumboni: pua imeinama, mkia umeinuka. Kwa kipimo cha 1/72, ncha hadi ncha ya mabawa ni kama sentimita 52.

Gundisha mbao mbili za mahogani, mshono uwe katikati ya mwili kutoka juu hadi chini. Usiufute, ndio utakuongoza hadi mwisho. Kata kwanza umbo la ubavuni kwa msumeno wa utepe, kisha rudishia masalio (vipande ulivyokata) mahali pake na uyafunge kwa utepe wa karatasi, ndipo ukate umbo la juu. Wengi huyatupa, gogo likakosa pa kukalia na msumeno ukapotea njia. Bakiza milimita 2, malizia kwa kisu na msasa ukipima kwa vigezo vya kadi (maumbo ya mwili yaliyokatwa kwenye kadi).

Mabawa: nyuzi za mbao zielekee kutoka shina hadi ncha. Toboa mashimo ya vijiti vya kuunganisha mabawa na mwili (viwili vya milimita 4 kila upande) kabla ya kuchonga, kingo zikiwa bado za mraba. Ukichelewa, bawa moja litainuka kuliko lenzake.

Mapezi matatu ya mkia, tumia plaiwudi. Mbao nyembamba hupasuka kwa kuguswa tu. Na kila propela ina mapanga matatu. Propela za mapanga manne ni za Boeing Stratocruiser, ndege nyingine, na watu huzichanganya mno.