Sponji ya filta usiioshe na maji ya bomba jamani

Mi sio mtaalamu, nina tangi moja tu la samaki la lita 80 hapo sebuleni Dar, gapi kumi na mbili na yule samaki mweusi anayelamba vioo. Hili nimejifunza kwa hasara.

Jumamosi moja maji yakarudi baada ya siku nne za mgao, yanatoka kwa presha na harufu ya dawa unaisikia ukiwa koridoni, nikasema leo nafanya usafi wa nguvu. Nikachomoa filta, kile kifaa cha kuchuja maji ya tangi, sponji imejaa utelezi wa kahawia, nikaikamua chini ya bomba mpaka ikawa kama imetoka dukani leo, nikajisifia kabisa. Jumatatu maji yamepiga ukungu, Jumanne gapi wote wako juu midomo nje wanahema. Nikakimbilia duka la samaki nikauziwa dawa ya fangasi, nikamwaga, kufika Alhamisi nimezika sita.

Sasa kumbe ule utelezi ndo filta yenyewe. Humo wanaishi bakteria wanaokula amonia, sumu inayotoka kwa samaki na chakula kilichooza, kundi moja linaigeuza kuwa nitraiti ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linaigeuza nitraiti kuwa nitreti ambayo samaki wanaivumilia vizuri tu. Klorini, ile dawa ya maji ya bomba, kazi yake ni kuua vijidudu na haiulizi huyu ni wa kipindupindu au wa sponji, ndo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika bombani yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Kwetu sisi ni kinga, kwa sponji ni msiba. Na matamvua ya samaki, wanayopumulia, yanaungua pia.

Siku hizi nikibadilisha maji, yale machafu nayakinga kwenye ndoo, sponji naikamua humo humo mara mbili tatu, inabaki na rangi yake ya chai na naiacha hivo hivo. Kama filta yako ina sponji mbili usioshe zote siku moja, na ukitaka kununua mpya iweke pembeni ya ile ya zamani wiki kadhaa kwanza.

Maji mapya nakinga usiku kwenye ndoo pana, nisifunike, nazamisha jiwe la pampu ya hewa, kesho yake klorini imeshatoka. Ila kuna sehemu wanatumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, hiyo hata ukiacha siku nzima haitoki kirahisi, hapo unahitaji matone ya kuondoa klorini, mengi ni thaiosalfeti, na ukiwa unajaza moja kwa moja na mpira pima dozi ya tangi zima sio ya maji uliyoongeza tu. Alafu uliza nyumbani kabla ya kuchukua ndoo, kwetu dada alikuwa ameshatia dawa ya maji ya kunywa kwenye ndoo niliyoilaza, bahati nilisikia harufu.

Kama ushaharibu, usikimbilie dawa. Punguza chakula, badilisha robo ya maji kila siku, na ukiwa na rafiki mwenye tangi lenye afya lisilo na ugonjwa muombe kipande cha sponji yake chafu. Mi sikuwa naye, nilihangaika wiki tano mpaka kipimo cha amonia kikasoma sifuri.

Yale maji ya kahawia ya kukamulia namwagia mchicha. Mke wangu alikuwa analalamika harufu, sasa hivi ananiuliza we lini unaosha filta.